Nani Atalipia Rangi ya Ukuta?

Ujumbe wa Jumapili, na pasta msaidizi

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 22:6, 14-15, Walawi 6:1-5, Hesabu 5:5-8, Kumbukumbu 24:10-11, Mathayo 5:23-24, Filemoni 17-19.



Jumapili iliyopita niliuliza maswali matatu kanisani. La kwanza: kama wewe ni mpangaji, inua mkono. Mikono ikajaa. La pili: kama uko na nyumba unapangisha, hata kama ni vyumba viwili vya mabati, inua mkono. Ikainuka michache, mingine nusu nusu, kwa sababu landilodi hataki kila mtu ajue. La tatu: ni nani hapa anadai dipoziti, ama anadaiwa? Hapo hakuna mkono ulioinuka. Lakini nyuso niliziona.

Wale ambao hawakufika, ujumbe ni huu.

Sisi tunakaa Mugutha. Ukielekea Ruiru ni ploti, ukielekea Juja ni ploti, ukiendelea mpaka Thika ni ploti. Tangu ile barabara kubwa ya Thika ikamilike mwaka 2012, mahali wazee wetu walijua kama shamba leo ni ghorofa ya vyumba vya kupangisha. Nusu ya kanisa hili inalipa kodi kila tarehe tano, na wengine wachache wanaipokea. Kwa hiyo mtu akiniambia imani yake haiingii kwenye mambo ya kodi na dipoziti, ananiambia haiingii Mugutha.

Orodha ya shilingi 9,300

Miezi michache iliyopita niligundua ndugu mmoja haonekani ibadani. Wiki ya kwanza nikafikiria ni kazi. Wiki ya tatu nikampigia simu. Akaniambia, "Pasta, siwezi kuketi nyuma ya mtu aliyekula pesa yangu halafu niinue mikono."

Mtu huyo ni mama wa kanisa letu. Wote wawili wamenikubalia niseme habari yao, bila majina.

Ndugu huyu alikuwa amekaa nyumba ya mama kwa miaka minne. Chumba kimoja cha kulala, sebule na jikoni. Kodi shilingi 9,000, dipoziti 9,000. Akapata nyumba karibu na kazi yake, akatoa notisi ya mwezi mmoja vizuri, akalipa kodi mpaka siku ya mwisho. Siku ya kuhama, kaeteka akampa karatasi. Kupaka rangi, 5,500. Kioo cha dirisha, 1,000. Kitasa cha mlango, 1,500. Mashimo ya misumari, 800. Mkono wa kabati ya jikoni, 500. Ukijumlisha ni 9,300. Kumaanisha dipoziti yote imeenda, na bado anadaiwa mia tatu!

Huko alikohamia walitaka dipoziti kabla ya kumpa ufunguo. Akakopa kwa simu. Ile mikopo mnaijua, haingoji mtu apatane na landilodi wake.

Sasa usikimbilie kumhukumu mama. Nilienda kwake pia, akaniwekea chai, akaniambia upande wake. Ile ploti aliijenga kwa mkopo wa sacco, na sacco inakata kila mwezi, kuwe na mpangaji kusiwe. Kuna mpangaji aliyemtangulia huyu ndugu ambaye alihama usiku, akaacha miezi miwili haijalipwa na choo kimepasuka. Mama akasema, "Pasta, hawa watu wanaingia na adabu na wanatoka kama wezi. Nikirudisha dipoziti bila kukata, nitapaka rangi na nini?"

Mnaona? Kila mmoja yuko na kidonda. Na mara nyingi katika haya mambo, mtu anamlipisha huyu kidonda alichopigwa na mwingine.

Musa alijua mambo ya kukodisha

Watu hudhani Biblia haina habari ya landilodi na teneti. Iko nayo. Paulo mwenyewe alikuwa mpangaji. Soma Matendo 28:30, aliishi Roma miaka miwili katika nyumba ya kupanga, kwa gharama yake, na humo ndani akahubiri. Kwa hiyo usidharau chumba chako cha kupanga. Mungu amewahi kufanyia kazi kubwa ndani ya nyumba ambayo mhubiri wake alikuwa analipia kodi.

Lakini andiko lililonishika ni Kutoka 22. Pale Musa anapewa sheria za mali iliyoharibika. Mstari wa 6 unazungumza juu ya mtu aliyewasha moto ukamshinda ukachoma shamba la jirani. Huyo analipa. Mstari wa 14 unamzungumzia mtu aliyeazima mnyama wa jirani, mwenyewe akiwa hayupo, na mnyama akaumia au akafa. Huyo naye analipa. Halafu mstari wa 15 unaongeza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma miaka mingi bila kuliona: kama mnyama huyo alikuwa wa kukodiwa, basi hasara imo ndani ya ile pesa ya kukodi.

Wapendwa, someni tena polepole. Kuna tofauti kati ya kitu cha kuazima na kitu cha kukodi. Mwenye kukodisha ameshapokea pesa kwa sababu ya ule uchovu wa kitu chake. Ng'ombe wa kulima atachoka. Jembe litaisha makali. Ndiyo maana unalipwa!

Nikiwa chuo nilisomea biashara, na mwalimu wetu alituambia kila mali inazeeka, na mfanyabiashara mwerevu anahesabu kuzeeka huko mapema. Tunakuita uchakavu. Chukua hii nyumba ya mama. Kodi 9,000 kwa miezi 48 ni shilingi 432,000. Ile rangi ilipakwa ndugu akiingia. Miaka minne, watu wanapika humo, mtoto anajifunza kutembea akishika ukuta. Rangi imechoka, ndiyo. Lakini imechoka ikifanya kazi, na imelipwa. Ukimkata tena 5,500, umeuza kitu kimoja mara mbili.

Lakini teneti, usipige makofi mapema. Kioo hakichoki. Kioo kimevunjwa na mpira wa mtoto wako. Huo ni moto wako, na mstari wa 6 uko pale pale.

Dawa ya meno ukutani

Hapa ningependa kuacha ya wengine niseme yangu.

Nikiwa mwanafunzi nilipanga bedsita Juja. Siku moja nikiingiza mtungi wa gesi uliniponyoka, ukapasua taili mbili karibu na mlango. Niliweka mkeka juu yake. Mwaka mzima mkeka ulikaa hapo. Siku ya kuhama nilipanga makatoni yangu juu ya zile taili, nikaziba matundu ya misumari na dawa ya meno kama tulivyofundishana sisi wanafunzi, nikamwita mzee mwenye nyumba. Akachungulia kutoka mlangoni, akanihesabia dipoziti yangu yote, shilingi 4,500. Akaniombea hata baraka za masomo. Nilitoka pale nikicheka. Na nilikuwa nimeokoka! Nilikuwa nashika gitaa kwa umoja wa wanafunzi Wakristo.

Miaka ikapita. Nikawa mhudumu. Siku moja natayarisha mahubiri ya Zakayo, Luka 19, nikafika pale anaposema atarudisha mara nne, na Roho Mtakatifu akanionyesha taili mbili. Nikasema, Bwana, hiyo ni kitu kidogo. Akanionyesha taili mbili tena.

Nikaenda Juja. Nikamkuta mzee yuko hai, amekonda, ameketi kwa kiti nje ya geti. Nikamweleza. Nilikuwa nimebeba gharama ya zile taili, na sehemu ya tano juu yake, vile Walawi 6 inasema aliyemdhulumu mwenzake arudishe. Mzee akacheka sana. Akasema dawa ya meno aliijua, kwa sababu ukuta wake ulikuwa rangi ya maziwa na yale matundu yalikuwa meupe pe. Lakini taili hakuziona siku ile. Aliziona yule mwanafunzi aliyenifuata alipohama. Kwa hiyo alimkata yeye.

Wapendwa, nilishindwa kusema. Kumbe hiyo pesa niliyocheka nayo haikutoka kwa mzee. Ilitoka kwa kijana simjui, ambaye pengine aliapa kwamba hakuvunja, na hakuna aliyemwamini. Alikuwa anasema ukweli.

Mzee alikataa pesa yangu. Alisema si yake, na yule kijana hajui aliko. Nikarudi kwa Neno. Hesabu 5:8 inasema mtu wa kurudishiwa akikosekana, na jamaa yake pia asipatikane, malipo yanakuwa ya Bwana na yanaenda kwa kuhani. Sasa kuhani hapa ni mimi, na sikutaka kujilipa mwenyewe! Nikaipeleka kwa mfuko wa wahitaji wa kanisa, ikasaidia dada mmoja aliyepungukiwa dipoziti.

Ujanja mdogo haupotei hewani. Kuna mtu anaulipia.

Alhamisi jioni ndani ya nyumba tupu

Katika Walawi 14 kuna habari ya nyumba yenye ukungu ukutani. Kuhani hatoi hukumu akiwa ameketi kwake. Kwanza vitu vinaondolewa nyumbani, halafu yeye mwenyewe anaingia, anatazama kuta, na alama ikiwapo nyumba inafungwa siku saba kisha anarudi kuangalia tena. Nikasema basi, twende tukaangalie.

Tukaenda Alhamisi jioni, mama, ndugu, kaeteka na mimi. Na hapo nikajua jambo la kwanza: mama hakuwa amekanyaga humo tangu nyumba ihamwe. Orodha ilikuwa ya kaeteka, na bei zilikuwa za kukisia.

Tukapitia moja baada ya lingine. Rangi, tukasoma Kutoka 22, mama akanyamaza kidogo halafu akasema, "Hiyo nimeiachilia." Kioo, ndugu alikubali, tukampigia fundi, akasema 600 pamoja na kazi. Kitasa, ndugu alikuwa amekibadilisha bila kuuliza na akapoteza ufunguo mmoja, 1,200, akakubali. Misumari, yale matundu madogo si kitu, lakini pale alipofunga televisheni plasta ilikuwa imetoka na tundu la kuingiza ngumi, 500. Mkono wa kabati, ndugu alitoa simu akaonyesha picha ya siku aliyoingia. Ulikuwa umelegea tayari. Hapo ni 2,300 badala ya 9,300.

Nilifikiri tumemaliza. Nikawaambia habari yangu ya dawa ya meno, nikidhani nawachekesha tu. Ndugu akanyamaza. Akaenda jikoni, akafungua kabati iliyo chini ya sinki, akawasha tochi ya simu. Sinki ilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa umezibwa na gundi nyeupe. Chini yake mbao zilikuwa zimeoza kwa maji. Haikuwa kwa orodha. Kaeteka hakuwa ameiona.

Akasema, "Mum, hii ni mimi. Sufuria ilianguka, mwaka jana."

Mama aliangalia muda mrefu. Akamwuliza, "Kwa nini hukuniambia? Maji yamekuwa yakinyesha kwa nyumba ya chini, na mimi nimekuwa nikigombana na wale watu."

Ndugu akajibu, "Nilikupigia siku ile taa ya choo iliungua, ukaniambia nisikusumbue na vitu vidogo."

Mama akasema, "Nilisema hivyo. Ni kweli."

Hapo ndipo niliona Roho Mtakatifu akifanya kazi, na hakuna aliyenena kwa lugha. Walikubaliana ndugu alipe 700 ya ile sinki, mama alipe iliyobaki. Jumla ikawa 3,000, na dipoziti ya kurudi ni 6,000.

Halafu likaja gumu lingine. Mama hakuwa nayo. Dipoziti ilishaingia kwenye matumizi miaka minne iliyopita. Alituma 3,000 kwa M-Pesa tukiwa pale pale, na nyingine akaahidi mwisho wa mwezi. Aliituma. Ndugu amerudi ibadani. Siwezi kuwaambia wamekuwa marafiki. Wanasalimiana, na salamu ni za kweli.

Kwa mwenye nyumba

Mama yangu, baba yangu, wewe ambaye Mungu amekubariki na ploti. Dipoziti si mapato. Chuoni tulifundishwa kuiandika upande wa madeni, kwa sababu ni pesa ya mtu uliyoshika. Ni amana. Iweke mahali pake, usiijengee chumba kingine. Ukikata, kata kwa risiti ya fundi, siyo kwa hasira. Nyumba ikichakaa, hiyo gharama iko ndani ya kodi. Tenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya rangi. Nyumba yako itembelee mwenyewe, na mpangaji akikuambia jambo dogo, lipokee likiwa bado dogo.

Na tafadhali, usimfungie mtu mlango na usimtolee vitu nje. Kumbukumbu 24 inasema mwenye kudai asimame nje, asiingie ndani kujichukulia rehani. Hata sheria ya Kenya, Sura ya 293, kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni. Na hiyo ni ya kodi iliyobaki, siyo ya matundu ya misumari.

Kwa mpangaji

Wewe ndugu na dada wa kupanga. Siku ya kuingia, kabla kitanda hakijaingia, piga picha kila ukuta, kila taili, kila bomba, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Ukivunja, sema siku ulipovunja. Rudisha funguo zote. Na ile tabia ya kusema "dipoziti imalize mwezi wa mwisho" bila kuulizana, iacheni. Dipoziti ni ya kulinda nyumba, siyo ya kukomesha landilodi.

Wengine wameniuliza, pasta, na kama mwenye nyumba hasikii kabisa? Mathayo 18 inakupa hatua: nenda kwake wewe na yeye, kisha chukua mmoja au wawili, kisha uambie kanisa. Kama si mtu wa imani ama amekataa yote hayo, si dhambi kutafuta haki. Kuna mahakama ya madai madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi 2021. Inasikiza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua kwa siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Lakini 1 Wakorintho 6 inauma kwa sababu moja: tukipelekana huko sisi wawili tulioshiriki meza moja, kuna kitu kimeshashindwa kabla hakimu hajaketi.

Arabuni

Namalizia. Paulo katika Waefeso 1:14 anamwita Roho Mtakatifu arabuni. Arabuni ni pesa ya kutangulia. Lakini angalieni, si kama dipoziti ya nyumba. Dipoziti anaweka mdogo kwa mkubwa, kwa sababu mkubwa hamwamini. Arabuni hii ameiweka Mungu kwetu. Mkubwa ndiye aliyemwekea mdogo! Na hakatii kitu humo.

Sisi tulikaa ndani ya nyumba ya Mungu, tukavunja, tukaziba na dawa ya meno. Yeye hachungulii kutoka mlangoni. Anaona mpaka chini ya sinki. Na katika barua kwa Filemoni, Paulo anasema kama Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liandikwe kwa jina lake Paulo. Hicho ndicho Yesu alitufanyia. Orodha yetu ilikuwa kubwa kuliko dipoziti, na yeye akasema, iandikwe kwangu.

Aliyelipiwa hivyo hawezi kumkaba mwenzake kwa mia tatu. Na hawezi kuficha taili mbili.

Kazi ya wiki hii: kama kuna mtu ulimkata isivyo haki, ama kuna kitu ulivunja ukahama, mpigie kabla ya Jumapili. Yesu alisema, sadaka iache hapo madhabahuni, uende kwanza ukapatane. Sisi hatutakuuliza sadaka yako iko wapi. Ofisi ya kanisa iko wazi Alhamisi jioni, na mimi niko tayari kuja na nyinyi tuangalie ukuta.

Tuombe. Bwana, tupe ujasiri wa kufungua ile kabati ambayo hakuna aliyeifungua. Walio na nyumba uwape mkono wa haki, wasio na nyumba uwape ulimi wa kweli. Wale tuliowadhulumu na hatujui waliko, wewe unawajua. Uwalipe kwa wema wako. Katika jina la Yesu. Amina.